Ziwa halitoi ruhusa kila siku

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya komite, katika mkutano wa wanachama, Baraka

Tumeombwa kueleza jambo moja: kwa nini kuna siku vijana wetu wa kuzamia wanakaa pwani, na kwa nini siku hizo mfuko wa shirika unawapa nusu ya posho.

Tuanze na kazi yenyewe. Wengi wetu tulirudi kwa meli kutoka Kigoma, kuanzia 2005, na mtu aliyekuta shamba lake limeshikwa na mwingine alitupa macho kwenye ziwa. Upande wa Ubwari, chini ya maji, kuna mawe mengi. Nyavu zinakwama pale, na wavu mmoja ni mali ya nyumba nzima. Kijana anavaa miwani ya maji, anatia mrija kinywani, anaelea uso chini mpaka auone wavu, halafu anashuka kuufungua. Maji yakiwa safi, ni kazi ndogo. Yakichafuka, anapapasa tu, na wavu unaweza kumfunga yeye mwenyewe.

Ndugu zetu walioishi pwani ya bahari, Dar es Salaam ao Zanzibar, walijifunza kuhesabu maji kujaa na kupwa. Hapa kwetu hakuna kupwa kwa kuonekana. Hapa tunasoma upepo, mawimbi, mawingu na mito.

Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa upepo wa kusini ndio bwana. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 650, na upepo ukifuata urefu ule unasukuma mawimbi mbali sana. Ndiyo maana unaweza kuamka Baraka, hata jani halitikisiki, kumbe upande wa nje wa Ubwari mawimbi yanapiga mawe. Yalizaliwa jana, huko upande wa Kalemie. Burton na Speke walipopita 1858 walidhani Ubwari ni kisiwa. Ni rasi, na rasi ile ndiyo ukuta wetu: ghuba yetu iko nyuma yake. Kwa hiyo siku ile ile, saa ile ile, maji ya ndani yanaweza kuwa kioo na ya nje yakawa hatari. Mwenye kutazama ndani tu hajatazama.

Majira ya mvua mambo yanageuka. Mito inashuka toka milima ya Itombwe na udongo wake, maji ya kando yanakuwa kama chai ya maziwa. Ghuba imefunguka kaskazini, kwa hiyo upepo wa kaskazini unaingia bila kubisha hodi. Na mvua ya huku inatanguliza upepo wake. Mwenye miwani anaangalia chini, halioni wingu. Anasikia moteri ya boti ndani ya maji, lakini hajui inatoka upande gani. Juu ya hiyo, hakuna anayezamia peke yake: mmoja anabaki katika mtumbwi, kazi yake ni kuangalia juu.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi wazee wawili wanashuka pwani. Kwanza wanauliza wavuvi wa ndagala wanaorudi na taa zao, juu wao wamelala nje usiku mzima. Ile ndiyo radio yetu. Pili wanatazama anga la kaskazini. Tatu wanashusha sahani nyeupe kwa kamba: isipoonekana kwenye mita tatu, hakuna kuzamia. Halafu wanapandisha kitambaa. Cheupe, tunaenda. Cha njano, ndani ya ghuba tu. Chekundu, tunakaa. Na fasi za matete hatuingii hata siku ya kitambaa cheupe: kuna mamba, na kuna konokono wa bilharzia.

Sasa tuje kwenye franga. Mfadhili mmoja ametuuliza kwa heshima: mnalipaje mtu ambaye hakufanya kazi? Ni swali zuri. Jibu letu ni hili. Mwaka wa kwanza kitambaa chekundu kilipanda na vijana wakaenda hata hivyo. Hawakuwa wakaidi. Nyumbani kulikuwa na sufuria tupu, na njaa haijui rangi ya kitambaa. Tulipoanza kutoa nusu ya posho, walikaa. Ile nusu ndiyo inayokifanya kitambaa kiheshimiwe. Kila mmoja wetu hapa anajua nyumba iliyolia juu ya ziwa, na shirika hili limeshachangia matanga. Tunajua kipi ni ghali.

Kwa wanachama: mchango wa mwezi usichelewe, juu ya mfuko huo huo. Tena mzazi asimtume mtoto wake kwa siri siku ya chekundu, eti wavu ni wa shemeji. Kwa wafadhili: miwani na mirija tunayo, tunashukuru. Kinachopungua ni jile za kujiokoa kwa wale wanaobaki ndani ya mtumbwi, na pesa za siku nyekundu kwa miezi ile ya upepo wa kusini.

Kesho asubuhi wazee watashuka tena na sahani yao. Mwenye mashaka aje aone.