Petroli, Esanse na Maji ya Batiri Nyumbani

Leo hatutasema juu ya uji wala juu ya sindano. Tutasema juu ya kutengeneza vitu nyumbani, kwa sababu kazi hiyo pia inaleta wagonjwa hapa.

Kuna kazi unayoweza kufanya wewe mwenyewe. Utambi wa taa ukiungua vibaya, ukate sawasawa na makasi. Kioo kikishika moshi, ngoja kipoe, kiisha ukisafishe na kitambaa kikavu. Kumwita fundi juu ya hiyo ni kupoteza franga bure. Lakini taa inayowaka haijazwi mafuta; izime kwanza, ipoe. Na usichanganye petroli na esanse hata kidogo. Mvuke wa esanse unashika moto upesi, na taa inaweza kupasuka usoni mwako.

Sasa gari ao pikipiki. Baba anaitengeneza katika lupango, anataka kutoa esanse katika tanki. Anaita mtoto: «Kuja, shika mupira huu, vuta na kinywa.» Mama, kataa. Esanse ikiteleza mpaka mapafuni, hata kidogo tu inaumiza. Kiisha kazi, ile iliyobaki inatiwa katika chupa ya limonadi, chini ya kitanda. Mtoto wa miaka miwili anajua limonadi. Kusoma hajui.

Basi mama anafika mbio, mtoto anakohoa. Munganga anauliza:

— Mama, ulimpa nini?

— Munganga, nilimunywesha mafuta ya mawese, atapike.

Alifanya vile juu ya mapendo, tunajua. Lakini mtoto akitapika, petroli inapita mara ya pili karibu na njia ya pumzi, na hapo ndipo inapoingia mapafuni. Usimtapishe. Hapana mawese, hapana maziwa, hapana maji ya chumvi. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi yake na maji na sabuni, umlete pamoja na chupa ile ile. Usingoje asubuhi. Saa ya kwanza anaweza kucheza vizuri, na baadaye anapumua mbio, mbavu zinaingia ndani, ao anashikwa na usingizi usio wa kawaida.

Batiri ya gari, ile mnayowashia redio, iko na maji makali yanayochoma. Kuifungua ni kazi ya fundi. Maji yake yakiruka katika jicho, usikimbilie hospitali kwanza. Fungua kope na vidole, mwaga maji safi mengi papo hapo, karibu nusu saa. Maziwa ya mama si dawa ya jicho hilo. Kiisha kuosha, kuja, hata kama maumivu yamepungua.

Na ukifika na mtoto wa namna hii, usikae kwenye benchi pamoja na wale wanaongoja kupima kilo. Pita mbele, sema kwa sauti: «Amekunywa petroli.» Hatutakugombeza.