Miale ya Leza na Ugonjwa wa Fizi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kufunga Safari



Ugonjwa wa fizi huanza kimya. Dalili yake ya kwanza ni damu kidogo kwenye mswaki asubuhi, na kwa kuwa haina maumivu, watu wengi huiona kuwa jambo la kawaida. Miaka hupita. Fizi hushuka, meno huonekana marefu kuliko yalivyokuwa, harufu ya kinywa hubadilika, kisha jino moja hutikisika. Ndizi iliyopikwa ikalainika bado hutafunika, lakini muwa na mahindi ya kuchoma huachwa. Mgonjwa anapofika kliniki katika hali hiyo, mara nyingi swali lililobaki ni meno mangapi yang'olewe.

Kati ya damu ya kwanza na jino kung'olewa kuna miaka mingi ya nafasi ya kutibiwa. Nafasi hiyo hupotea kwa sababu mbalimbali, na mbili kati yake ndizo shabaha ya mada hii. Ya kwanza ni hofu ya neno upasuaji. Ya pili ni matumaini yaliyopita kiasi juu ya neno leza. Mwenye hofu hubaki nyumbani. Mwenye matumaini huahirisha matibabu yaliyo karibu ili akusanye fedha za kuifuata mashine mji wa mbali, na pengine huwaza hata kuuza kipande cha kibanja. Wote wawili wanaweza kuyapoteza meno ambayo yangepona.

Ugonjwa wenyewe

Juu ya kila jino hujengeka utando laini wa vijidudu uitwao ukoga. Usipoondolewa kila siku, madini ya mate huugandisha ukawa ugaga, kitu kigumu ambacho mswaki hauwezi kukibandua. Vijidudu vya ukoga ndivyo vinavyoifanya fizi ivimbe na kutoa damu.

Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Aarhus, Denmark. Watu 12 wenye fizi zenye afya waliacha kusafisha meno kabisa. Katika muda wa siku 10 hadi 21 fizi zao wote zilivimba. Waliporudia kusafisha, uvimbe uliondoka kwa takriban wiki moja. Jaribio hilo lilionyesha kwamba hatua ya kwanza ya ugonjwa huu huletwa na uchafu unaoachwa juu ya meno, na kwamba huondoka uchafu huo ukiondolewa.

Hatua ya pili ni nzito zaidi. Kwa baadhi ya watu uvimbe hushuka chini, nyama ya fizi ikaachana na mzizi wa jino, na mfupa unaolishikilia jino ukaanza kuliwa. Hali hiyo inafanana na mgomba uliochukuliwa udongo na mvua. Shina ni zima na mkungu upo, lakini kilichoushika mgomba kimeondoka. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana ugonjwa wa fizi katika hali yake kali. Hata hivyo, ugonjwa huo haumpati kila mtu kwa kiwango kimoja. Mwaka 1986 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Thorkild Karring walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wazima wa Tanzania. Ukoga na ugaga vilikuwa vingi vinywani mwa watu hao, lakini uharibifu mkubwa wa mfupa ulijikusanya kwa sehemu yao tu. Funzo lake ni kwamba damu kwenye mswaki pekee haiwezi kusema nani anahitaji usafi na nani anahitaji tiba kubwa. Kinachosema ni kipimo.

Kipimo hicho ni rahisi. Daktari huingiza kijiti chembamba cha chuma chenye alama kati ya jino na fizi, akasoma kina chake. Fizi yenye afya huwa na kina cha milimita 1 hadi 3. Kina cha milimita 4 au zaidi, pamoja na damu, ni ishara kwamba mfuko umeanza kujengeka. Mgonjwa ambaye hajapimwa hivyo, na mfupa wake kutazamwa kwa eksirei pale inapohitajika, hajafikia hatua ya kujadili upasuaji wala leza.

Wapo wanaopaswa kupimwa mapema zaidi. Wa kwanza ni mwenye kisukari, kwa kuwa sukari isiyodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zilizovimba nazo hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Wa pili ni mvuta tumbaku, ambaye fizi zake zinaweza zisitoe damu nyingi ilhali mfupa unaliwa. Wa tatu ni mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua. Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983, unaelewa vyema thamani ya kuhudhuria kliniki ya tiba na matunzo bila kukosa. Anayehudhuria kliniki hiyo, au ile ya kisukari, asisite kumwonyesha mhudumu fizi zake, na akifika kwa daktari wa meno asifiche dawa anazotumia.

Ngazi za matibabu

Tiba ya fizi hupandwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni usafi wa mgonjwa mwenyewe na kuacha tumbaku. Ngazi ya pili ni kukwangua ugaga juu na chini ya fizi, kwa vifaa vya mkono au kwa kifaa kinachotetema kwa kasi, na ganzi huwekwa panapohitajika. Baada ya miezi 2 au 3 mifuko hupimwa upya. Kwa wagonjwa wengi, kina hupungua na damu hukoma katika ngazi hii. Hawahitaji kukatwa wala kumulikwa.

Upasuaji huja katika ngazi ya tatu, hasa pale mifuko ya milimita 6 au zaidi inapobaki licha ya kazi hiyo. Fizi hutiwa ganzi, hukatwa kwa uangalifu na kufunuliwa ili mzizi na mfupa vionekane. Ugaga uliojificha huondolewa, kisha fizi hurudishwa na kushonwa. Mgonjwa huwa macho muda wote. Siku chache za uvimbe na maumivu hufuata, fizi huweza kushuka kidogo, na meno huweza kupata ganzi ya baridi na moto kwa muda. Ni tiba yenye historia ndefu, na faida yake kubwa ni kwamba daktari anakiona anachokisafisha.

Leza hufanya nini

Leza ni mwanga uliokusanywa ukawa mwembamba na wenye nguvu. Mashine ya kwanza ya aina hiyo iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960. Katika tiba ya fizi, mwanga hupitishwa kwenye uzi mwembamba wa kioo unaoingizwa ndani ya mfuko. Nyama iliyougua na damu huunyonya mwanga huo na kupata joto, ngozi mbovu ya ndani ya mfuko ikaondoka na vijidudu vikapungua.

Njia moja inayojulikana sana ilibuniwa Marekani na madaktari Robert Gregg na Delwin McCarthy, na mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo iliruhusu mashine yake kutumika kwa kazi hiyo. Hatua zake zinastahili kuzingatiwa. Mifuko hupimwa kwanza. Leza hupitishwa mara ya kwanza kuondoa ngozi mbovu. Kisha ugaga hukwanguliwa kwenye mzizi kwa kifaa kinachotetema, kile kile cha ngazi ya pili. Leza hurudishwa mara ya pili ili damu igande na kuufunga mfuko, na mwishoni namna meno yanavyokutana hurekebishwa. Kwa maneno mengine, hata ndani ya njia hiyo mashuhuri kazi ya kukwangua haikuondolewa.

Faida zake ni za kweli. Fizi haifunuliwi kwa kisu, damu hutoka kidogo, nyuzi za kushonea mara nyingi hazihitajiki, na wagonjwa wengi hupata nafuu mapema. Hasara zake nazo ni za kweli. Mwanga ukitumiwa vibaya huunguza mzizi au mfupa. Mgonjwa na mhudumu wote lazima wavae miwani ya kinga. Mashine ni ghali, na mtumiaji wake anahitaji mafunzo maalumu.

Je, leza ni bora kuliko njia nyingine? Mwaka 2018 chama cha wataalamu wa fizi cha Marekani kilikusanya ushahidi uliokuwepo. Kilieleza kuwa kuongeza leza juu ya kukwangua kunaweza kuleta nafuu ndogo ya ziada, lakini ushahidi wa kwamba inaishinda tiba ya kawaida haukutosha. Mwongozo wa shirikisho la wataalamu wa fizi barani Ulaya, uliochapishwa mwaka 2020, ulishauri leza isiongezwe kama kawaida kwenye usafishaji wa chini ya fizi. Kuruhusiwa kutumika ni jambo moja, na kuthibitishwa kuwa bora ni jambo jingine.

Hesabu ya mkazi wa Kagera

Jambo linalosahaulika katika hesabu ya matibabu ni kurudi. Fizi haiponi kwa safari moja. Mgonjwa hutibiwa, hupimwa baada ya miezi michache, kisha huangaliwa mara kwa mara, mara nyingi kila baada ya miezi 3 hadi 6, kwa sababu ugonjwa huu hurejea usafi unapolegea. Mvuvi wa kisiwa cha Bumbire huanza kwa chombo cha majini kabla ya kupanda gari. Mkulima wa Kamachumu au Izimbya huacha kazi ya siku nzima. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Nauli za kurudi ni sehemu ya bei ya tiba, na asiyezihesabu anaweza kumaliza fedha zote kwa mwanga wa siku moja, akakosa nauli ya kupimwa tena. Kukwanguliwa vizuri karibu na nyumbani, kukifuatwa na kurudi kwa wakati, kuna manufaa makubwa kuliko leza ya mbali isiyofuatwa na lolote.

Kwa hiyo, mwananchi anayeambiwa kuwa anahitaji upasuaji au leza anayo haki ya kuuliza kwa heshima: Mifuko ina kina cha milimita ngapi, na kwenye meno yapi? Je, ugaga wa chini ya fizi umekwisha kukwanguliwa na mifuko kupimwa upya? Leza hii ni ya aina gani, na mhudumu amefunzwa kuitumia? Ufuatiliaji utafanyika wapi na kwa gharama gani? Je, bima inalipia? Daktari mwema hujibu maswali haya bila kuudhika. Asiyepata majibu aombe rufaa au maoni ya daktari mwingine kabla ya kuuza mali.

Nao waheshimiwa madiwani, wanapopitisha bajeti, wakumbuke kwamba wagonjwa wengi wa fizi husaidiwa na vifaa vya kawaida: vijiti vya kupimia mifuko, vifaa vya kukwangulia vilivyonolewa, kifaa kinachotetema, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, na mtaalamu wa kuvitumia. Mashine ya leza isiyotanguliwa na hivyo haitakuwa na pa kuanzia.

Nyumbani kazi ni ndogo lakini ni ya kila siku. Meno yapigwe mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye madini ya floraidi, pale fizi inapokutana na jino pasirukwe, na katikati ya meno pasafishwe. Mswaki wa mti nao hufaa ukitumiwa kwa uangalifu na kufika meno ya nyuma. Mchanga usitumike, kwani hukwangua jino lenyewe. Fizi inayotoka damu isiogopwe ikaachwa bila kusafishwa, kwa sababu hapo ndipo usafi unapohitajika zaidi. Damu ikiendelea kwa zaidi ya wiki 2 licha ya usafi mzuri, jino likilegea, au usaha ukionekana, mgonjwa afike kliniki ya meno iliyo karibu.

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ugonjwa wa fizi, ufa ni ile damu ya kwanza kwenye mswaki, na huzibwa kwa mswaki wenyewe, kipimo na kukwanguliwa. Upasuaji na leza ni njia mbili za kuunusuru ukuta ulioanza kubomoka. Zote zina mahali pake, na mahali hapo huonyeshwa na kipimo, si na hofu wala sifa ya mashine.