Barabara ya Cape Town hadi Cairo na Miaka Iliyokwama Isiolo



Anayetoka Meru mjini kuelekea Nanyuki hufika Subuiga, na hapo hukutana na barabara kuu inayotoka Timau kwenda Isiolo. Wengi wanaposhuka hapo huwazia matatu ya pili wanayoingoja. Ni wachache wanaokumbuka kwamba lami iliyo mbele yao ni kipande cha barabara ya zaidi ya kilomita 10,000, ambayo mwisho wake mmoja ni Cape Town, Afrika Kusini, na mwingine ni Cairo, Misri. Kipande kinachopita ndani ya Kaunti ya Meru ni kifupi mno. Hata hivyo, barabara hiyo ilikaa karibu na mlango wa Meru kwa miongo mingi bila kuvuka upande wa pili, na sababu zake zinafaa kujulikana na kila mkaazi.

Wazo lenyewe lilianza na ubeberu. Cecil Rhodes alitaka reli itoke Cape Town mpaka Cairo ikipita katika ardhi ya Waingereza tu. Reli hiyo haikukamilika hata leo. Magari ndiyo yaliyotangulia: mwezi Septemba 1924 msafara wa Chaplin Court Treatt na mkewe Stella uliondoka Cape Town na magari mawili, ukafika Cairo Januari 1926. Miezi 16! Palipokuwa na mto walitafuta kivuko au wakajenga daraja lao, na palipokuwa na matope magari yalivutwa kwa kamba. Wenyeji waliokuwa wakizishika kamba hizo hawatajwi sana katika masimulizi ya safari ile.

Huku mlimani barabara zilianza kwa jembe na karai. Serikali ya kikoloni ilifungua kituo chake Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, na mara moja ilihitaji njia za kuunganisha vituo hivyo. Sheria ya mwaka 1912 iliwapa machifu na wazee wa vijiji uwezo wa kuwaita watu kwenye kazi za umma, na kutengeneza barabara ilikuwa mojawapo. Wanawake walichimba, wakabeba udongo na mawe. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, kazi ya lazima ilirudi kwa ukali zaidi katika Embu na Meru, na baadhi ya njia ambazo magari hupita leo zilichimbwa na watu waliosimamiwa kwa bunduki. Familia nyingi zina bibi aliyewahi kusimulia habari hizo.

Sasa, kwa nini barabara kuu ya kimataifa ilizunguka mlima kwa upande wa magharibi, ilhali watu wengi waliishi mashariki, kuanzia Embu na Runyenjes hadi Chuka, Nkubu na Meru?

Jibu la kwanza ni maji. Miteremko ya mashariki imekatwa na mabonde yenye mito: Rupingazi, Ena, Thuci, Ruguti, Tungu, Nithi, Mutonga, Thingithu, Kathita, na mingine midogo katikati. Mhandisi anayepita huko lazima ashuke na kupanda kila baada ya kilomita chache. Upande wa magharibi kuna uwanda mpana na mkavu. Jibu la pili, ambalo lina uzito zaidi, ni mashamba ya walowezi. Nanyuki na Timau zilikuwa nchi yao, na reli ilipofika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikwenda kuchukua mazao yao. Barabara ikafuata njia hiyohiyo. Wakulima Waafrika wa kahawa waliokuwa mashariki walibaki na njia ya kona na madaraja membamba.

Kutoka Nanyuki barabara iliendelea mpaka Isiolo, na hapo palikuwa na kizuizi. Kaskazini nzima ilikuwa wilaya iliyofungwa kisheria, na hakuna aliyeingia wala kutoka bila kibali. Vita Kuu ya Pili ilipofika, jeshi lilihitaji kuwafuata Waitaliano Ethiopia, na wahandisi wa kijeshi kutoka Afrika Kusini wakapanua njia za kaskazini ili malori ya askari yapite. Inaonyesha wazi kwamba kazi hiyo iliwezekana. Vita vilipokwisha, hamu ya kuitunza njia nayo ikaisha. Baada ya Uhuru ukaja uasi wa mashifta, 1963 hadi 1967, na eneo lile likaendelea kuongozwa kwa amri za hali ya hatari.

Mwaka 1971 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi wa Afrika, chini ya Robert Gardiner wa Ghana, ilianza kusukuma mpango wa barabara kuu za bara zima. Cairo hadi Cape Town iliwekwa katika mtandao huo. Kwenye ramani mstari ulipita Isiolo, Marsabit na Moyale bila kukatika. Kwenye ardhi, lami iliishia Isiolo. Zaidi ya hapo ilikuwa ni changarawe na mawe meusi ya volkano, udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha, na laga zinazojaa ghafla. Abiria walipanda juu ya malori ya mifugo, wakasafiri kwa misafara yenye askari kwa hofu ya majambazi. Kufika Moyale kulichukua siku mbili au tatu, na mvua ikinyesha hakuna aliyehesabu. Watu wa kaskazini waliokuwa wakija Nairobi walisema wanakwenda Kenya, na hawakuwa wakifanya mzaha.

Kilichobadilisha mambo ni biashara na Ethiopia. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliufadhili mradi wa ushoroba wa Mombasa, Nairobi na Addis Ababa kwa awamu. Ujenzi ulianza na kilomita 136 kutoka Isiolo hadi mto Merille, kazi iliyoanza mwaka 2007. Baadaye vikaja vipande vya Marsabit hadi Turbi na Turbi hadi Moyale, kila kimoja kama kilomita 120 hivi. Kipande cha katikati, Merille hadi Marsabit, kilipata fedha za Umoja wa Ulaya. Kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imeunganisha Isiolo na Moyale, karibu kilomita 500. Tarehe 9 Desemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu Abiy Ahmed walifungua kituo cha pamoja cha mpakani Moyale. Upande wa kusini, barabara pana ya Nairobi hadi Thika ilikuwa imefunguliwa mwaka 2012, kisha kazi ya upanuzi ikaendelea kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua.

Kwa Meru faida ilionekana haraka. Kabeji na viazi vya Timau, ndizi za Imenti, na sukuma wiki iliyokatwa asubuhi sasa hufika sokoni Marsabit kabla ya kunyauka. Mbuzi na ng'ombe hushuka kusini bila kukonda njiani.

Embu hali ni tofauti. Muguka ya Mbeere, kahawa na majani chai hutoka kwa barabara ya mashariki, ambayo hukutana na barabara kuu huko Makutano, mbele ya Mwea. Ni barabara hiyohiyo inayobeba miraa ya Igembe na Tigania, mzigo usiongoja kwa sababu kesho hauna bei. Ndiyo maana magari yake hukimbia vile, katika njia ambayo mabonde yake hayajapungua tangu wakati wa jembe na karai. Jioni ya tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia katika daraja la Nithi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2000 mahali hapo paliwaua watu wengi zaidi. Mteremko ni uleule na kona ni ileile.

Barabara ya magharibi ilipata mabenki ya kimataifa kwa sababu inaunganisha miji mikuu ya nchi. Ya mashariki inaunganisha Embu, Chuka na Meru tu, na kwa hiyo hulazimika kujitetea Nairobi kila mwaka wa bajeti. Huo ni upungufu wa mipango, na haufai kusingiziwa milima.

Barabara ndefu nayo haijawa salama kwa urefu wake wote. Tangu Aprili 2023 vita vya Sudan vimeifunga njia ya kwenda Cairo, kama kizuizi cha Isiolo kilivyoifunga zamani.

Jambo moja huwachanganya wakaazi. Barabara kuu za kitaifa, ikiwemo ile ya Timau hadi Isiolo na ile ya Embu hadi Meru, ziko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, KeNHA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti barabara za kaunti. Shimo lililo mbele ya shule ya kijijini hupelekwa kwa afisi ya wadi. Ukingo wa chuma uliong'olewa katika daraja la Nithi, taa zilizozimika au kibanda kilichojengwa ndani ya hifadhi ya barabara kuu ni ya KeNHA. Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti hufanyika kila mwaka katika wadi zote, na mtu yeyote anaweza kuleta maandishi yenye jina la mahali, tarehe na kilichotokea.