Kujihoji Nafsi Hata Tunapokuwa na Haki



Nimeombwa niseme maneno machache kabla hatujaisogelea Meza ya Bwana. Mtume Paulo aliwaonya Wakristo wa Korintho wasishiriki meza hiyo pasipo kwanza kujipima. Angalieni, ndugu zangu, kwamba hakumwagiza mtu ampime jirani yake.

Mwizi anapojihoji, dhambi yake i mbele ya macho yake; kinachomshinda si kuiona bali kuiacha. Aliye katika hatari kubwa zaidi ni yule aliyedhulumiwa kweli. Huyo akiufungua moyo wake hukuta humo kosa la mwenzake, limeandikwa pamoja na tarehe na mashahidi, naye hudhani kwamba amekwisha kujihoji. Katika utumishi wa Serikali niliyaona majalada ya namna hiyo: kila dokezo limeandikwa kwa ustadi, na kila moja laonyesha kwamba kosa liko kwenye meza nyingine. Jalada laweza kuwa la kweli tupu, na bado mwandishi wake akawa amepotea.

Someni Zaburi ya 139. Karibu na mwisho wake, mwimbaji anawanenea waovu maneno makali na kutangaza chuki yake juu yao. Mara tu baada ya hayo anamgeukia Mungu na kuomba achunguzwe yeye mwenyewe, isije ikawa njia mbaya imo ndani yake. Hakungoja hasira ipoe. Aliileta mbele za Mungu ingali moto.

Mfano wa karibu zaidi ni Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, ambaye katika ujana wake alifundisha shule Dodoma. Alilelewa kiroho katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao ndugu zake walikutana na kuzitaja dhambi zao kwa majina, kila mtu ya kwake. Wakaita desturi hiyo kutembea nuruni. Mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere na mkewe wakakimbia usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda.

Ijumaa Kuu ya mwaka huo ilimkuta London, mkimbizi katika nchi hii hii tunamokutana leo. Nani angemlaumu kwa kumchukia Amin? Lakini alipoutafakari msalaba kanisani, aliona kwamba uchungu ulikuwa umeufanya moyo wake kuwa mgumu, akauungama. Mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake latangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wala hakunyamaza kuhusu mauaji; aliendelea kuyashuhudia duniani. Kusamehe hakukumfanya auite uovu wema.

Ndugu zangu, sote twafahamu kwamba milango miwili ya ukoo huu haijuliani hali tangu lilipozuka suala la shamba la babu. Sikusimama hapa kuamua nani ana haki. Shauri hilo lina wazee wake, lina mipaka na hati zake. Ninalowaomba ni hili: kila mmoja, hasa yule aliye na haki, ajiulize maswali matatu kabla ya kuupokea mkate.

Je, habari ya kuanguka kwa ndugu yangu inaponifikia kwa simu, moyo wangu huhuzunika au hushangilia? Je, ninapoomba, namwombea yeye, au namshitaki kwa Mungu? Na tatu: je, watoto wangu waliozaliwa huku, ambao hawajalikanyaga shamba lile wala kuujua mti mmoja uliomo, wameujua ugomvi wake?

Swali la tatu ndilo linalonitisha. Shamba hugawanywa na kila mtu akapata kipande. Chuki haigawanyiki hivyo. Kila mrithi huichukua nzima.

Tutakaa kimya kwa dakika chache. Katika kimya hicho asiwepo mtu wa kumfikiria mwenzake. Na kama jina la mtu aliyemo humu litamjia mmoja wetu pamoja na uzito, basi asione haya kuinuka na kumwendea. Meza itangoja.

Mungu aubariki ukoo wetu. Amina.