Soita Shitanda na Suala la Nyumba: Kutoka Malava hadi Wizarani

Peter Soita Shitanda aliwakilisha Malava, nchi ya Wakabras kaskazini mwa Kakamega, Bungeni hadi mwaka 2013. Kuanzia Desemba 2005 hadi utawala wa Rais Mwai Kibaki ulipokoma mwaka 2013, alikuwa pia Waziri wa Nyumba wa Kenya. Ni muda mrefu kwa idara iliyokuwa imezoea kuhamishwahamishwa. Mwaka 2003 nyumba zilikuwa chini ya wizara moja na barabara na ujenzi wa umma. Mwaka 2004 zikaunganishwa na ardhi. Shitanda alizipokea zikiwa wizara inayosimama peke yake, na kutengana huko na ardhi kulikuja kuwa kikwazo kikubwa cha kazi yake.

Wanasiasa wa nyumba wanaotajwa zaidi duniani walianzia barabarani. Ada Colau alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa vuguvugu la kutetea walioshindwa kulipa mikopo ya nyumba, lililozaliwa Barcelona mwaka 2009. Mwaka 2015 akachaguliwa meya wa jiji hilohilo akiwa kiongozi wa mrengo wa kushoto, na akakaa hapo hadi 2023. Shitanda alipita njia nyingine. Kwake siasa ilitangulia, nyumba zikafuata, tena kwa uteuzi wa rais. Ndiyo maana kazi yake haielezeki bila kuwataja watu ambao hawakuwahi kuketi katika baraza la mawaziri, lakini ndio walioandaa ajenda aliyoikuta mezani.

Siasa yake ilichipuka katika FORD-Kenya, chama kilichotokana na mgawanyiko wa chama cha upinzani cha FORD mwaka 1992. Kiongozi wake wa kwanza, Jaramogi Oginga Odinga, ndiye aliyeunda KPU mwaka 1966, chama kilichobeba madai ya wasio na ardhi na wafanyakazi kabla ya kupigwa marufuku mwaka 1969. Jaramogi alipofariki Januari 1994, uongozi ulishikwa na Michael Wamalwa Kijana, na ngome ya chama ikawa magharibi mwa nchi. Mwaka 2002 FORD-Kenya ilikuwa moja ya nguzo za NARC, muungano ulioiondoa KANU madarakani. Wamalwa alifariki Agosti 2003, chama kikaanza kupasuka, na katika mpasuko huo kikazaliwa New Ford Kenya.

Katiba iliyopendekezwa ilikataliwa kwenye kura ya maoni ya Novemba 21, 2005. Kibaki akalivunja karibu baraza lake lote la mawaziri, na mwezi uliofuata akalipanga upya bila waliokuwa wameipinga. Shitanda akaingia. Katika uchaguzi wa 2007 New Ford Kenya ilipata viti viwili tu, chake cha Malava na cha Bonny Khalwale cha Ikolomani, wakati ambapo ODM, chama kikuu cha upinzani, ilikuwa imeteka sehemu kubwa ya Waluhya. Kubaki upande wa Kibaki katika Kakamega ya mwaka huo kulihitaji mizizi mirefu nyumbani, na Malava ilimpa. Serikali ya mseto ya Kibaki na ODM ilipoundwa Aprili 2008, alirudishwa katika wizara ileile.

Ajenda aliyoikuta ilikuwa na historia ya machozi. Mei 1990 mabanda ya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya mashambani jijini Nairobi, yalibomolewa na wakazi wakapambana na askari. Ubomoaji uliendelea katika miaka iliyofuata. Wakazi wa mitaa ya mabanda, wakisaidiwa na mawakili na makanisa, wakaanza kukutana kuvuka mipaka ya mitaa yao, na mwaka 1996 wakaunda Muungano wa Wanavijiji. Dai lao la kwanza halikuwa nyumba mpya, walitaka wasifukuzwe. Baadaye walianzisha vikundi vya kuweka akiba na wakafanya sensa zao wenyewe, wakihesabu kaya, vyoo na mabomba ya maji, kwa sababu mtaa ambao serikali haijauhesabu ni rahisi kuubomoa. Kazi hiyo inastahili kuheshimiwa kuliko inavyoheshimiwa sasa. Takwimu nyingi ambazo wapangaji wa miji wanazitegemea zilikusanywa na mama mboga na vibarua waliopita mlango kwa mlango.

Waliyajua pia makosa yaliyopita. Nyayo Highrise, magorofa ya Shirika la Taifa la Nyumba kando ya Kibera, yalitarajiwa kuwafaa watu wa Kibera, lakini walioingia ni watu wa kipato cha kati. Mathare 4A, mradi uliosimamiwa na Kanisa Katoliki kwa fedha za Ujerumani katika miaka ya 1990, uligongana na wenye mabanda waliokuwa wakila kodi. Mtaa wa mabanda una pande tatu: serikali, ambayo mara nyingi ndiyo yenye ardhi; mwenye banda, aliyejenga kwa ruhusa ya mdomo ya chifu na anayekusanya kodi; na wapangaji, ambao ndio wengi. Mradi unaoijengea nyumba ardhi hiyo bila kuamua haki ya kila mmoja huishia mahakamani au mikononi mwa mwenye pesa.

Serikali ya NARC ilianza vizuri. Januari 2003 ilitia saini makubaliano na UN-Habitat, na Oktoba 2004 mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda, KENSUP, ukazinduliwa. Mwaka huohuo Bunge lilipokea Waraka wa Kikao Namba 3 kuhusu sera ya taifa ya nyumba. Waraka ulisema wazi kwamba miji ilihitaji nyumba 150,000 kila mwaka, lakini zilizojengwa zilikuwa kati ya 20,000 na 30,000. Vijijini, nyumba 300,000 zilihitaji kuboreshwa kila mwaka. Ruwaza ya 2030, mpango wa taifa wa maendeleo, ilipozinduliwa mwaka 2008, lengo lilipandishwa hadi nyumba 200,000 kwa mwaka. Waziri alipewa malengo makubwa na bajeti ndogo, na ardhi ya kujengea ilikuwa katika wizara nyingine.

Mradi wa Soweto Mashariki, Kibera, ndio kipimo kikuu cha miaka hiyo. Mpango ulikuwa kuwahamisha wakazi kwa muda, kubomoa, kujenga, kisha kuwarudisha. Lang'ata yalijengwa makazi ya muda ya nyumba 600 katika majengo 17 ya ghorofa. Septemba 2009, mbele ya Waziri Mkuu Raila Odinga, familia za kwanza zilihamia. Kila familia ilipewa chumba, ikashiriki jiko na choo na majirani, na kodi ilikuwa takriban shilingi 1,000 kwa mwezi kwa chumba. Kwa mtu aliyekuwa akijisaidia gizani kwenye choo cha kulipia, umeme, maji ya bomba na choo cha ndani vilikuwa jambo kubwa, na ripoti za magazeti za siku ile zilionyesha furaha ya kweli.

Baada ya hapo mambo yakakwama. Wenye mabanda walienda mahakamani, na baadhi ya Wanubi, ambao mababu zao walikaa Kibera tangu mwanzo wa karne ya ishirini wakiwa askari wa Mwingereza, walitaka dai lao la ardhi lisikilizwe kwanza. Baadhi ya waliohamishwa walipangisha vyumba vyao vipya na kurudi kwenye mabanda, kwa kuwa tofauti ya kodi iliwalipia chakula na karo. Kuwalaumu ni kutoelewa hesabu ya maskini: chumba kizuri ni mali ya kwanza kabisa mtu huyo aliyowahi kushika, naye anaiuza sehemu yake ili aishi. Ujenzi wa nyumba za kudumu ulizinduliwa na Kibaki mwaka 2012, na nyumba 822 zikakabidhiwa Julai 2016 kupitia ushirika wa makazi ulioundwa na wakazi. Tangu mpango uzinduliwe hadi funguo zitolewe ilipita karibu miaka kumi na miwili, kwa sehemu moja tu ya kijiji kimoja cha Kibera.

Somo la Soweto lilionekana katika mpango wa pili. Mwaka 2011 KISIP, mradi wa kuboresha makazi yasiyo rasmi, ilianza kwa fedha za Benki ya Dunia, Sweden na Ufaransa, ikihusisha miji 15, Kakamega ikiwemo. KISIP haikujenga nyumba. Ilipima viwanja, ilitayarisha hatimiliki, ikaweka barabara, mifereji, maji na taa za barabarani, kisha ikamwachia mkazi ajijengee. Kwa wakosoaji huko kulikuwa kuondoka kwa serikali katika wajibu wake. Lakini usalama wa kumiliki ndio wanavijiji walioudai tangu 1996, na katika hili wizara ilifika karibu nao kuliko ilivyofika kwa magorofa.

Upande wa vijijini ndio uliopaswa kuwagusa Wakabras moja kwa moja. Kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, na kote katika mashamba ya miwa yanayolisha kiwanda cha sukari cha West Kenya, mtu hujenga nyumba yake mwenyewe kidogokidogo: fito na udongo, kukandika, mabati yakipatikana nyasi zinaondoka, kisha matofali mkulima akilipwa pesa za miwa. Malipo yakichelewa, ukuta nao hungoja. Hakuna mkopo wa benki unaomfaa mwenye kipato cha namna hiyo, na hatimiliki ya ardhi ya familia mara nyingi bado ina jina la babu. Wizara ilieneza teknolojia ya vifaa mbadala vya ujenzi, hasa matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji kidogo, yanayoshikana bila kuchomwa. Pale ambapo kila tanuri la matofali hula kuni, na msitu wa Malava umebaki kipande kidogo, faida yake ilikuwa wazi. Hata hivyo mashine chache na mafunzo ya siku kadhaa havikuweza kufikia nyumba 300,000 kwa mwaka. Nyumba ya kijijini ilibaki mzigo wa mwenyewe, na huo ni upungufu wa sera nzima ya Kenya tangu uhuru, wala si wa waziri mmoja.

Mafanikio makubwa ya kisheria ya kipindi hicho hayakutoka wizarani. Katiba iliyopitishwa Agosti 2010 ilitamka katika Ibara ya 43 kwamba kila mtu ana haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha, na usafi wa kiwango kinachofaa. Tangu hapo mtu anayebomolewa banda ana mlango wa kubisha mahakamani. Wizara iliandaa mswada wa nyumba wa kuitekeleza ibara hiyo, lakini hadi Bunge la Kumi linafungwa ulikuwa haujawa sheria.

Mwaka 2013 Shitanda aliwania ugavana wa Kakamega, akashindwa na Wycliffe Oparanya. Serikali mpya ikaiunganisha tena nyumba na ardhi na ustawi wa miji chini ya Charity Ngilu. Kiti cha Malava kilichukuliwa na Moses Malulu Injendi. Shitanda alifariki Mei 2016, miezi miwili tu kabla ya nyumba 822 za Soweto Mashariki kukabidhiwa.

Wanavijiji waliendelea na njia yao. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la upangaji, baada ya miaka ya utafiti na kampeni zilizoendeshwa na wakazi na washirika wao. Serikali kuu nayo ilirudi kwenye ujenzi. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara, ambao mwajiri naye hulipa sawa, uliingizwa kwa Sheria ya Fedha ya 2023, ukapingwa mahakamani na Okiya Omtatah, mwanaharakati aliyekuwa amechaguliwa seneta wa Busia mwaka uliotangulia, pamoja na wenzake. Mahakama Kuu iliubatilisha Novemba 2023, na Machi 2024 Bunge likaurudisha kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu.