Jiwe Huomba Kibali, Faili Hupita



Ukitoka hapa Nyalikungu, Maswa, kuelekea mashariki, ukavuka Meatu, unakuta Ziwa Eyasi. Ng'ambo yake kuna pango la Mumba. Ludwig na Margit Kohl-Larsen, kutoka Ujerumani, walilichimba miaka ya 1930, na sehemu kubwa ya walichotoa ikaishia Tübingen. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Michael Mehlman alichimba tena, akitaka kupanga matabaka sawasawa. Miaka ya 2000 timu nyingine ikarudi palepale. Kila aliyerudi alikuta udongo umepungua.

Hapo ndipo ugumu wa akiolojia ulipo. Tabaka likishachimbwa halirudi. Kinachobaki ni daftari, picha na vipimo. Anayevifungia vitu hivyo kabatini, au kwenye kompyuta yake peke yake, amebaki na nusu ya pango.

Lakini kuweka faili mtandaoni hakutoshi. Chukueni jedwali moja la Ekseli. Safu imeandikwa "kina", chini yake 120. Ni sentimita au milimita? Kimepimwa kutoka usawa wa ardhi au kutoka kwenye kamba iliyofungwa juu ya shimo? Safu ya pili inasema "T5". Tabaka au trenchi? Aliyeandika anajua, na siku akistaafu data hiyo imestaafu naye. Faili lililo wazi kwa kila mtu na lisiloeleweka na yeyote ni mapambo tu.

Mfano mzuri tunao jirani. Laetoli iko upande wa Ngorongoro, si mbali na Pori la Akiba la Maswa. Mwaka 2016 Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Italia, walitangaza nyayo mpya za jamii ya binadamu wa kale, zenye umri wa miaka milioni 3.66, katika jarida la eLife, ambalo halimtozi msomaji hata senti. Kimo cha mmoja wa waliopita walikikadiria kuwa takriban sentimita 165, na vipimo vya nyayo wakaviweka humo humo. Mwalimu wa sekondari mwenye bando anaweza kukokotoa upya na darasa lake. Anayebisha ana pa kuanzia.

Je, kila kitu kiwe wazi? Hapana. Kule Kondoa, watu wanaosaka mali zinazosemekana zilifichwa na Wajerumani wamechimba chini ya michoro ya miambani. Kuwapa majiranukta kamili ya kila pango ni kuwachorea ramani. Mahali patajwe kwa kata. Namba kamili apewe mwenye kibali.

Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964. Chini yake, jiwe lililochimbwa halitoki nchini bila ruhusa, ila gigabaiti za picha za jiwe hilo hilo hupita uwanja wa ndege mfukoni, na hakuna anayeuliza.

Kwa hiyo naziomba mamlaka zinazotoa vibali vya utafiti ziongeze sharti moja: ndani ya miaka mitatu, data zote, pamoja na daftari la uchimbaji na maelezo ya Kiswahili ya kila safu, ziwekwe kwenye hifadhi iliyo wazi, na nakala ibaki wilayani. Asiyetimiza asipewe kibali cha pili.