Shule ya Ng'ambo ya Lualaba

Mto Lualaba unaugawa mji wa Kindu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: komini za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto, Alunguli ukingo wa kulia, na daraja hakuna. Mtoto wa Alunguli aliyeandikishwa shule yenye sifa ng'ambo hutegemea mtumbwi asubuhi na mchana, mvua ikinyesha au mto ukifura. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, lakini nauli ya kuvuka haikufutwa. Sifa yenyewe hutokana zaidi na mtihani wa mwaka wa sita, nayo huvuta wanafunzi hadi madarasa yakafurika. Kwa mtoto wa miaka 6, shule ya jirani yenye mwalimu asiyekosa kazini inafaa zaidi.